Waraka wa Siri Umekufikia: Mwongozo wa Kuupokea Bila Kuaibika

Waraka wa siri una saa zake. Huingia usiku, watu wameshakula, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la waliosoma pamoja sekondari. Ni picha mbili zilizopigwa mshazari. Juu kuna nembo ya ubalozi au ya wizara ya taifa kubwa, pembeni kuna muhuri mwekundu wa SIRI, na katikati kuna aya tano zinazoeleza nani atawekwa madarakani katika nchi yako, nani atakamatwa, na fedha zitapitia akaunti ya nani. Aliyeutuma ameongeza neno lake: sambazeni kabla hawajaufuta.

Mwongozo huu ni wa dakika ile kidole chako kinapokwenda kwenye kitufe cha kusambaza. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayeipenda nchi yake, anayejua kwamba wakubwa wa dunia wana tabia ya kuingiza mikono yao katika vyungu visivyo vyao, na asiyetaka kutumiwa na mtu asiyemjua. Wanaotengeneza nyaraka za uongo wanastahili kuchekwa hadharani, na humu watachekwa. Wewe unayezipokea unastahili heshima, ndiyo maana nakuagiza kazi.

Kanuni ni moja. Barua ya posa ikiletwa nyumbani, hakuna mzazi anayeikubali kwa uzuri wa mwandiko. Huulizwa mshenga ni nani na katumwa na nani. Kijana ni wa ukoo gani, anafanya kazi wapi, nani anawafahamu kwao. Shangazi hutumwa kwenda kupeleleza. Majibu huchukua wiki, pengine mwezi, na barua husubiri kabatini bila mtu kuona haya. Mzazi huyohuyo akipata waraka unaodai kwamba nchi nzima inauzwa, kwa nusu dakika ameshawatumia watu mia mbili. Nasema hivi: waraka uliovuja na upokelewe kwa utaratibu wa posa. Yanayofuata ni namna ya kuutekeleza utaratibu huo.

Usikane kwamba mkono wa nje upo

Wapo watakaokushauri ucheke kila ukisikia habari za njama za kigeni. Usiwasikilize. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na katika habari ya kifo chake hakuna tena haja ya kubahatisha kama mataifa ya nje yalikuwa na mkono. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church iliuweka hadharani ujumbe wa tarehe 26 Agosti 1960, ambamo Allen Dulles, mkuu wa CIA, aliiarifu ofisi yake ya Leopoldville, leo Kinshasa, kwamba kumwondoa Lumumba lazima liwe lengo la haraka na la kwanza. Wahusika walihojiwa kwa kiapo. Wakaeleza jinsi sumu ilivyosafirishwa hadi Kongo, ingawa haikupata nafasi ya kutumika. Bunge la Ubelgiji nalo liliunda tume yake, ikatoa ripoti mwaka 2001, na mwaka uliofuata serikali ya Ubelgiji ikaomba radhi kwa sehemu yake katika mauaji hayo.

Utazame vizuri ule ujumbe wa Dulles, maana ndio kipimo chako cha waraka wa kweli. Una tarehe. Una mtumaji na mpokeaji. Ulikaa katika jalada kwa miaka 15, na jalada hilo lina mwenyewe. Ulipotoka, watu walioguswa nao waliitwa wakaulizwa, wakajibu mbele ya kamati. Kisha sikiliza lugha yake: unasema kumwondoa. Hausemi kumuua. Kamati ilibidi ikae na mashahidi ili kujua neno hilo lilibeba uzito gani, kwa sababu afisa wa serikali, hata anapopanga dhambi kubwa, huandika kama mtu anayejua kwamba karatasi ina maisha marefu kuliko yeye.

Waraka wa kughushi haujui kujizuia namna hiyo. Humo utamwona balozi akiandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya "mpango wetu wa kuivuruga nchi hii". Hutaja majina yote ya wasaliti, kiasi cha fedha kwa kila mmoja, na siku ya utekelezaji. Hukiri makosa yote kwa mpigo mmoja, ili msomaji asipate taabu ya kufikiri. Ukikutana na mwovu anayejiita mwovu katika barua yake ya ofisi, ujue umekutana na mtunzi wa hadithi, tena mtunzi mvivu.

Jihadhari zaidi pale unapokubaliana nao

Sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote, nami sitaiharakisha.

Mwaka 1964 ulianza kwa Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere, kwa fedheha aliyoieleza mwenyewe waziwazi, akalazimika kuwaita askari wa Uingereza wawanyang'anye silaha. Aprili ukaja Muungano, huku mataifa ya Magharibi na Mashariki yakitazamana kwa jicho la husuda juu ya Unguja. Septemba FRELIMO, ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam, ikafyatua risasi za kwanza dhidi ya Wareno huko Msumbiji, na Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO pamoja na Marekani. Upande wa magharibi Moïse Tshombe, yuleyule aliyeitawala Katanga Lumumba alipouawa, alikuwa amerudi Kongo akiwa waziri mkuu, na safari hii alikuja na mamluki wa Kizungu. Tarehe 24 Novemba ndege za Marekani ziliwadondosha makomando wa Kibelgiji juu ya Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani.

Katika mwezi huohuo wa Novemba, Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, alitangaza kwamba Serikali imepata nyaraka zinazofichua njama ya Marekani na Ureno dhidi ya nchi. Zilikuwa nakala za picha za barua. Hasira ikapanda. Marekani ikasema barua hizo ni za kughushi. Zilipotazamwa kwa utulivu hazikuweza kusimama, na baada ya muda si mrefu madai yaliyojengwa juu yake yakaachwa.

Mimi siwalaumu hata kidogo waliokasirika. Mtu aliyeishi miezi kumi na moja ya mwaka ule alikuwa na kila sababu ya kuamini. Mamluki walikuwapo kweli. Ureno ilikuwa adui kweli. Majenerali wa Lisbon hawakuhitaji barua ya kughushi ili mtu ajue wanaitazamaje Dar es Salaam. Ndiyo maana nasema hapa ndipo penye somo: mghushi hakubuni hofu ile. Aliikuta imeshaiva, akaiandikia barua tu. Alijua kwamba msomaji akifika aya ya pili atasema "nilijua tu", na akishasema hivyo hataangalia tena sahihi.

Basi jichunge mwenyewe. Ukisoma waraka ukashtuka na kukataa, unaweza kuendelea kuusoma kwa mwendo wako wa kawaida, maana ubishi wako unakulinda. Ukisoma ukajikuta unatikisa kichwa kwa kukubali kila mstari, hapo weka simu chini, kanywe maji, urudi kuanza mstari wa kwanza. Waraka unaomtuhumu mwanasiasa usiyempenda uchunguzwe mara mbili ya ule unaomtuhumu unayepatana naye. Najua ni agizo gumu. Watu wengi hufanya kinyume chake, na kwa kinyume hicho waghushi wanapata riziki.

Habari ya 1964 ina mkia wake. Januari 1965 Serikali iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam na Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, kwa sababu ya mazungumzo yao ya simu yaliyonaswa. Safari hii hapakuwa na kughushi. Maneno yalisemwa kweli, na wenyewe hawakukana kuyasema. Carlucci alieleza baadaye kwamba walikuwa wakitafuta njia ya kuishawishi Washington itume salamu za pongezi kwa maadhimisho ya Mapinduzi, na kwamba silaha nzito walizozitaja zilikuwa ni wakubwa wa serikali yao ambao wangelisukuma jambo hilo. Waliokuwa wakisikiliza waya walisikia silaha za vita. Umwamini Carlucci au usimwamini, hiyo ni juu yako. Mtu huyo baadaye alikuwa naibu mkuu wa CIA, kisha Waziri wa Ulinzi wa Marekani, na hakosi sababu ya kujitetea. Lakini hata asiyemwamini anaona kwamba sauti halisi inaweza kuzaa maana mbili, na uhusiano wa nchi mbili ukaingia baridi kwa sababu ya maana moja kati ya hizo.

Kwa hiyo ukiletewa kipande cha sauti cha sekunde arubaini, dai mazungumzo yote. Ukiletewa ukurasa wa tatu, uliza wa kwanza na wa pili ziko wapi. Kipande kilichokatwa kina mkataji, na mkataji alikuwa na haja yake.

Mwite karani wa masijala

Watu wakiletewa waraka wenye utata hukimbilia mtaalamu wa kompyuta. Muda wake utafika. Mtu wa kwanza kuitwa ni karani wa masijala aliyestaafu, na karibu kila ukoo wa mjini una mmoja. Huyo ametumia miaka yake yote kutazama jinsi barua ya ofisi inavyoingia, inavyopewa namba, inavyofungwa kwenye jalada na inavyotoka. Mpe waraka, umwache na miwani yake. Ataanza na Kumb. Na. na tarehe, aulize kama zinakwenda pamoja. Ataangalia cheo cha aliyesaini: je, siku hiyo alikuwa bado anakishika? Atatazama nakala zimekwenda kwa nani. Atashangaa kwa nini barua ya siri ya wizara ya Ulaya imetumia jina la idara lililokwisha kubadilishwa.

Usidhani kazi hiyo ni ndogo. Vita vya Iraq vilijengewa hoja kwa nyaraka ambazo karani wa namna hiyo angezikamata kabla ya chai ya saa nne. Zilikuwa barua zilizodai kwamba Niger, nchi ya Waafrika wenzetu ambayo hakuna aliyeiuliza, imekubali kuiuzia Iraq tani 500 za madini ya urani. Tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush alilihutubia taifa lake akasema Saddam Hussein ametafuta urani Afrika. Mwezi uliofuata Marekani ikawakabidhi barua hizo wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Wakaguzi walitumia intaneti ya kawaida kabisa. Barua moja ya Oktoba 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri wa mambo ya nje aliyeacha wadhifa huo tangu mwaka 1989. Nyingine, iliyodaiwa kutoka kwa rais wa Niger, ilijiegemeza kwenye katiba ya mwaka 1965, wakati nchi ilikuwa na katiba mpya ya mwaka 1999. Tarehe 7 Machi mkuu wa shirika hilo, Mohamed ElBaradei, akaliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka hizo si halisi. Hazikutimia wiki mbili, mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Nakitaja kisa hiki kwa watu wawili. Wa kwanza ni yule anayeamini kwamba kudanganywa na karatasi ni ugonjwa wa watu wa vijijini wasiosoma. Barua za Niger zilipita mikononi mwa mashirika ya kijasusi ya mataifa tajiri kabisa duniani. Wa pili ni wewe, mwenzangu, unayesema huna ujuzi wa kuchunguza. Jina la waziri wa nchi na miaka aliyoshika wizara ni jambo linalopatikana kwenye simu hiyohiyo iliyokuletea waraka.

Mtaalamu wa kompyuta sasa anaweza kuitwa. Atakuomba faili la asili, si picha ya picha, kwa sababu kila waraka unapopigwa picha upya alama zake za kuzaliwa hufutika. Atatafuta ni wapi ulionekana kwa mara ya kwanza kabisa. Kama hujui pa kumpata, wapo watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku: Africa Check, PesaCheck ya Nairobi, na JamiiCheck kwa Tanzania. Wapelekee. Jibu lao likichelewa siku mbili, nchi haitakuwa imekufa.

Tazama kalenda

Tarehe iliyoandikwa juu ya waraka ni moja, na siku waraka ulipofika mikononi mwa watu ni nyingine. Ya pili inasema mengi zaidi.

Barua inayoitwa ya Zinoviev ina tarehe 15 Septemba 1924. Ilidaiwa kutoka kwa Grigory Zinoviev, mkuu wa jumuiya ya vyama vya kikomunisti iliyokuwa Moscow, akiwaagiza wakomunisti wa Uingereza waandae maasi. Gazeti la Daily Mail liliichapa tarehe 25 Oktoba. Uchaguzi ulikuwa tarehe 29. Chama cha Labour, kilichokuwa madarakani kwa mara ya kwanza katika historia yake chini ya Ramsay MacDonald, kiling'olewa. Mwaka 1999 mwanahistoria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, Gill Bennett, aliruhusiwa kuyapekua majalada ya siri na akahitimisha kwamba karibu ni hakika barua ile ilikuwa ya kughushi, yaelekea kazi ya Warusi waliowapinga Wabolsheviki, na kwamba watu wa idara za ujasusi za Uingereza walihusika kuifikisha kwa waliotaka kuitumia. Kilichodaiwa kuwa ushahidi wa wageni kuingilia siasa za Uingereza kilikuwa chenyewe ndicho uingiliaji. Kilifanywa na wageni wengine, wakisaidiwa na wenyeji.

Kenya ilipata waraka wake mwaka 2012. Tarehe 23 Januari mwaka huo majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliidhinisha mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta, William Ruto na wenzao wawili kuhusu damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa 2007. Machi nyaraka zikatua ndani ya Bunge, zikidaiwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, zikieleza mpango wa London wa kuwashikisha washtakiwa hao huko The Hague na kumsafishia njia Raila Odinga. Uingereza ikasema ni za kughushi. Spika Kenneth Marende akaamua kwamba hazikubaliki. Lakini mkutano wa hadhara hauna Spika. Hoja kwamba Wazungu wanataka kutuchagulia rais ilikuwa imeshapata miguu, na ikatembea hadi uchaguzi wa Machi 2013.

Hapo pana jambo la kuuma. Wakenya walikuwa na sababu halali, isiyohitaji karatasi ya kughushi, ya kulalamika kwamba wanaambiwa jinsi ya kupiga kura. Tarehe 7 Februari 2013, Johnnie Carson, aliyekuwa akisimamia masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alisema waziwazi kwa waandishi wa habari kwamba uchaguzi wa mtu una matokeo yake. Hayo yalisemwa mchana kweupe, yakarekodiwa, kila mtu akasikia. Mwananchi angeweza kuyajadili na kuyapinga kwa jina la msemaji na tarehe. Waraka wa uongo ulipokuja kabla yake, ulimpa kila mgeni atakayekosolewa baadaye kinga ya kusema kwamba malalamiko yote juu ya wageni ni porojo.

Kanusho si ushahidi

Ubalozi ukikana, utasikia kambi mbili zikipiga kelele. Moja itasema: wamekana, kwa hiyo ni uongo. Nyingine itasema: wamekana, kwa hiyo ni kweli. Zote mbili hazijafanya kazi yoyote. Serikali hukana ya kweli na ya uongo kwa sauti ileile, na wanaotarajia balozi akiri wanamdai kitu ambacho hawezi kulipa. Tazama namna ya kukana. Mwenye waraka halisi kwa kawaida hulalamikia wizi. WikiLeaks ilipoanza kumwaga nyaraka zaidi ya 250,000 za balozi za Marekani mwaka 2010, zikiwemo za Nairobi na Dar es Salaam, Washington ilikasirika sana na kuzungumzia madhara ya uvujaji. Haikusema kwamba nyaraka zile zilitungwa. Aliyesingiziwa huonyesha kosa: namba hii si yetu, afisa huyu hayupo. Akionyesha kosa, lithibitishe mwenyewe.

Na usiiachie polisi kazi hii. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya 2018, na zote zilitungwa na vifungu vya kuadhibu habari za uongo. Sheria za aina hiyo hazijui kutofautisha mghushi na mwandishi aliyepata waraka wa kweli unaowaudhi wakubwa. Wote wawili hulala rumande ileile. Sitaki mtu akamatwe kwa sababu amesambaza picha. Nataka asiisambaze kwa sababu ameichunguza.

Uongo huu unaua

Julai 1983 gazeti moja la New Delhi, Patriot, lilichapa barua isiyo na jina, iliyodaiwa kutoka kwa mwanasayansi mashuhuri wa Marekani. Ilisema UKIMWI ulitengenezwa na jeshi la Marekani. Miaka miwili baadaye magazeti ya Kisovieti yaliichukua na kuieneza, na mwaka 1986 kijitabu chenye hoja hiyo kiligawiwa Harare kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Ilikuwa kazi ya KGB na washirika wake, na mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba KGB ndiyo iliyokuwa nyuma yake.

Barua ile ilijitambulisha kama onyo kwa watu wa dunia ya tatu dhidi ya ukatili wa taifa kubwa. Iliandikwa na taifa lingine kubwa, kwa faida yake. Sisi tuliokuwa tukizika watu kila wiki tulikuwa jukwaa tu la ugomvi wao. Na ilipokwisha kukiriwa huko Moscow, hakuna aliyekuja kuifuta vichwani mwa watu wetu. Muulize mhudumu yeyote wa afya aliyefanya kazi ya ushauri nasaha miaka ya 1990 ni mara ngapi aliambiwa kwamba ugonjwa huu ni mpango wa Wazungu, na dawa zao pia, na kondomu zao pia. Mtu aliyeamini hivyo hakupima, na aliyekuwa naye chumbani hakujua. Nikifikiria hilo siwezi kuuita waraka wa uongo mchezo wa wanasiasa.

Mahali pa kutazama

Baada ya kazi yote hii utajiuliza kama uingiliaji wa kweli unaonekana wapi, ikiwa hauji kwenye WhatsApp. Unaonekana kwenye mikataba.

Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri za Mark Turnbull, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica, akijigamba kwamba kampuni hiyo iliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta mwaka 2013 na 2017: walikibadilishia chama sura mara mbili, wakaandika ilani, wakafanya utafiti wa maoni ya wapiga kura, wakaandika hotuba. Chama cha Jubilee, kupitia makamu mwenyekiti wake David Murathe, kilikiri kwamba kampuni mama, SCL, iliajiriwa mwaka 2017 kwa kazi ya kukijenga chama kisura. Iweke habari hiyo kando ya waraka wa Machi 2012. Wananchi walitetemeshwa kwa karatasi ya kughushi kuhusu Waingereza wanaopanga dhidi ya mgombea mmoja, kisha mkubwa wa kampuni ya Waingereza akanaswa akijisifu kwamba ndiyo iliyomwendeshea mgombea huyohuyo kampeni kwa malipo. Karatasi ya uongo iligeuza macho yote upande mmoja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wabunge wa Nairobi na wa Dodoma. Anayesimama na waraka mkononi aweke mezani nakala ya asili, na kama aliyempa yuko hatarini, amtaje kwa Spika faraghani ili uchunguzwe kabla ya kusomwa. Na kila chama kichapishe mikataba yake na washauri wa kigeni, majina na malipo, kabla ya siku ya kupiga kura. Kenya ilitunga Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi mwaka 2013. Utekelezaji wake ukasimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017, na viwango vya matumizi vilivyotangazwa kwa ajili ya 2022 vikakataliwa na Bunge lenyewe. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Wapiga kura, mdaini mbunge wenu sheria hiyo ianze kufanya kazi kabla ya hapo.